Mbwa Chotara na Mbuzi Wetu

Wengi wetu tumenunua mbwa chotara, baba Mjerumani kama wale wa polisi, mama wa hapa kijijini, tukitumaini fisi atakoma. Halafu tunamfunga mnyororo nyuma ya jikoni! Huyo atabweka tu.

Kule Namibia, tangu 1994, kuna wafugaji wanaopewa mbwa wa asili ya Uturuki wa kulinda mifugo. Kilebu huwekwa zizini pamoja na mbuzi angali mdogo, awaone ni jamaa zake. Wetu sisi tulimleta akiwa mkubwa. Akaua mwanambuzi wa mama mjane, kikundi kikalipa.

Na chanjo ya kichaa jameni, akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Msingoje aume mtoto.