Mtandao Ukikatika, Upendo Usikatike



Wapendwa wasikilizaji, katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, tunasoma habari za Isaka na visima vyake. Watumishi wake walichimba kisima katika bonde la Gerari wakapata maji, lakini wachungaji wa nchi ile wakagombana nao, wakidai kuwa maji ni yao. Isaka akakiita kisima hicho Eseki, maana yake ugomvi. Wakachimba cha pili, nacho kikagombaniwa. Akakiita Sitna, yaani uadui. Akaondoka hapo akachimba cha tatu, na hicho hakikuleta ugomvi. Akakiita Rehobothi, maana yake nafasi, kwa sababu aliona kwamba Mungu amemjalia mahali pa kutosha.

Sisi tunaoishi chini ya milima ya Upare hatuhitaji kuelezwa sana juu ya ugomvi wa maji. Mji wa Same uko upande mkavu wa milima, na tangu zamani wazee walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya mawe na udongo, kama ile ya Manoo huko Bangalala. Usiku mfereji huijaza ndiva. Asubuhi maji hufunguliwa yaende mashambani, kila mmoja kwa zamu yake. Wazee walijua kwamba maji machache yakifunguliwa kwa wote kwa wakati mmoja, hayamfikii yeyote. Ndiyo maana waliweka zamu, na siku ya msaragambo wote walitoka kuzibua mifereji.

Leo napenda tutafakari juu ya kisima kipya kilichoingia majumbani mwetu, nacho ni intaneti. Tangu ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoenea duniani mwaka 2020, watu wengi wamezoea kufanya kazi za ofisi wakiwa nyumbani. Tuichukue nyumba moja ambamo mke anatunza hesabu za kampuni iliyoko Dar es Salaam, na mume anafundisha wanafunzi wa mbali kwa njia ya kompyuta, wote wawili wakitegemea kisanduku kimoja kidogo kiitwacho ruta. Somo limefika katikati, mara sura za wanafunzi zinaganda na sauti inapotea. Baba anapaza sauti kutoka chumbani: "Mama watoto, unafanya nini huko?" Mama anajibu: "Na wewe je, baba watoto? Mimi nami nimekatikiwa!" Intaneti imekatika dakika tano, mazungumzo ya mume na mke yamekatika siku tatu. Kisima cha Eseki kimehamia sebuleni.

Ndugu zangu, kosa lao ni kumtafuta mkosaji kabla ya kutafuta mahali palipokatika. Mkulima mwenye busara, maji yakikoma shambani, hamkamati jirani shati. Hushika jembe na kuufuata mfereji hatua kwa hatua, tangu shambani kwake hadi kwenye ndiva. Nasi tufanye vivyo hivyo, tukijiuliza maswali matatu.

Swali la kwanza: je, imekatika kwangu tu, au kwetu sote? Ikiwa ni kwa mmoja tu, basi tatizo liko katika kompyuta yake au mahali alipokaa. Asogee karibu na ruta. Hali ikitengemaa, atajua kwamba umbali au ukuta ndio uliomzuia. Ruta nyingi za siku hizi hutumia masafa mawili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Haya ya pili yana kasi zaidi, lakini hudhoofika upesi yanapopita ukutani. Aliye chumba cha mbali achague yale ya 2.4, au, lililo bora zaidi, avute waya kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta yake.

Swali la pili, ikiwa imekatika kwa wote: ruta yenyewe ina hali gani? Je, umeme upo na taa zake zinawaka? Kifurushi hakijakwisha? Haikufunikwa kitambaa cha mapambo hata ikapata joto kupita kiasi? Izimeni, ngojeni nusu dakika, kisha iwasheni. Kama inapokea mawimbi ya mnara wa simu, iwekeni karibu na dirisha la upande wa mnara. Milima yetu, ambayo kilele chake cha Shengena kina mita 2,462, ni baraka kwa mvua. Lakini kwa mawimbi ya simu ni ukuta.

Swali la tatu: hukatika wakati gani? Andikeni katika daftari kwa juma moja: siku, saa, na kila mmoja alikuwa akifanya nini. Ikiwa ni kila jioni, huenda watu wengi wanautumia mnara ule ule kwa pamoja. Ikiwa ni kila mara mmoja anapotuma mafaili makubwa, basi mmepata jibu. Katika nyumba nyingi njia ya kupeleka ni nyembamba kuliko njia ya kupokea. Faili kubwa likiijaza, maneno ya mwenzako hayana pa kupita. Hapo hakuna aliyetenda dhambi. Mfereji ni mwembamba, na dawa yake wazee wetu waliijua: ni zamu.

Tena, mara nyingine palipokatika ni mbali mno. Jumapili tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili kuu zipitazo chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadhoofika Tanzania, Kenya na nchi nyingine. Siku ile, hata mtu angeizima ruta mara mia, asingepata kitu. Naye aliyemlaumu mwenzake alimwonea bure. Hasira hasara.

Lakini kuna jambo moja ambalo daftari halitaliandika. Ziko nyumba ambamo mkutano wa baba huitwa kazi, na mkutano wa mama huitwa maongezi. Baba akikatikiwa, nyumba nzima hunyamaza. Mama akikatikiwa, huambiwa avumilie. Lakini ada ya shule na unga wa jikoni hutoka katika mifuko yote miwili, na mama naye aweza kupoteza ajira yake. Mtakatifu Paulo, katika barua yake kwa Waefeso, sura ya 5, kabla ya kusema na wake na waume, huwataka kwanza waamini wote wanyenyekeane kwa ajili ya Kristu. Naye Isaka hakuondoka visimani kwa unyonge. Mfalme wa Gerari mwenyewe alikiri kwamba amekuwa na nguvu kuliko wao. Aliyekuwa na nguvu ndiye aliyewapisha wengine.

Basi Jumapili jioni, baada ya chakula, mume na mke wakae pamoja. Kila mmoja ataje saa zake za juma lijalo ambazo hazifai kukatizwa, nazo ziandikwe. Mafaili makubwa yaachwe yapite usiku, kama ndiva inavyojaa usiku.

Nanyi wa Chome, Gonja na Mamba, ambao labda hamna ruta nyumbani, msiseme hayo hayatuhusu. Simu moja, punda mmoja, saa moja ya maji shambani, vyote hugombaniwa vivyo hivyo. Makatekista, mnapowafundisha wachumba, waulizeni: kitu kimoja kikihitajiwa na wawili, kwenu nani atapewa kwanza, na kwa nini? Jibu lao litawaonyesha mengi kuhusu ndoa wanayoijenga.

Mungu aliyempa Isaka nafasi azijalie familia zetu subira ya kutafuta chanzo kabla ya kulaumu, na furaha ya kupishana. Kwa njia ya Kristu Bwana wetu. Amina.