Kaburi Lisilo na Jiwe: Picha, Majina na Wafu wa Vita kati ya Mbarara na Nakivale

Kupiga picha makaburi ya vita ni kazi ya kujitolea inayojibu maswali mawili kwa pamoja: marehemu alizikwa wapi, na jina lake liliandikwaje. Swali la kwanza ni la mwenye msiba. La pili ni la anayetafuta nasaba yake. Mwenye kujitolea huenda makaburini na kamera au simu, akapiga picha ya kila jiwe, akanakili maandishi, kisha akaviweka vyote katika hazina ambamo jamaa aliye mbali anaweza kutafuta kwa jina. Kusini-magharibi mwa Uganda, kuanzia mji wa Mbarara hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale wilayani Isingiro, kazi hiyo hukuta hali ngumu: vita vimepita mara nyingi, waliokufa ni wengi, na mawe ni machache mno.

Desturi yenyewe ilizaliwa vitani. Mwaka 1914 Mwingereza Fabian Ware alikwenda Ufaransa kuongoza kikosi cha magari cha Msalaba Mwekundu, akaona kwamba hakuna aliyekuwa akiweka kumbukumbu ya mahali walipozikwa askari. Kikosi chake kikaanza kuorodhesha makaburi, na familia zilizoomba zikapelekewa picha ya kaburi la mtu wao. Kwa mzazi aliyekuwa Uingereza, asiye na njia ya kufika Ufaransa, picha hiyo ndiyo ilikuwa ziara. Kazi ya Ware ilizaa, mwaka 1917, tume ya makaburi ya vita ambayo leo ni ya Jumuiya ya Madola na hujulikana kwa herufi CWGC. Kanuni yake ilikuwa kwamba kila askari aliyekufa atajwe kwa jina, kwenye jiwe lake au kwenye ukuta wa kumbukumbu, pasipo kubagua cheo wala dini. Katika karne hii watu wa kujitolea wa mradi wa Kiingereza uitwao The War Graves Photographic Project wamekusanya zaidi ya picha milioni moja kutoka nchi nyingi. Hazina za makaburi ya kila aina, kama Find a Grave iliyoanza mwaka 1995, hupokea picha za mtu yeyote mwenye simu.

Mfumo wote huo umejengwa juu ya jiwe: palipo na jiwe pana jina, na penye jina pana picha. Afrika Mashariki msingi huo ulikuwa na ufa tangu mwanzo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia majeshi ya Uingereza yaliyopigana na Wajerumani wa Tanganyika yalibebewa chakula, risasi na majeruhi na wapagazi, wale ambao jina la kikosi chao, Carrier Corps, lilibaki midomoni mwa watu kama Kariakoo. Walikufa zaidi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Ripoti ya kamati maalumu ya CWGC iliyotolewa Aprili 2021 ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza wa wakati huo, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, na wenzake wa Nairobi na Mombasa, ilijengwa kwa heshima ya wote kwa jumla. Mjukuu anayesimama mbele yake hapati pa kusoma jina la babu yake.

Hivyo mwenye kamera anayefuata mawe peke yake huirudia dhuluma ile ile bila kukusudia. Atakwenda makaburi ya vita ya Jinja au yale ya Barabara ya Jinja mjini Kampala, atapiga picha za mistari iliyonyooka na nyasi zilizokatwa, na hazina yake itaonekana kamili. Ilhali sehemu kubwa ya wafu wa vita wa nchi hii haimo humo.

Kundi moja angalau lina maandishi. Katika Vita vya Pili takriban Waganda 77,000 waliingia jeshini, wengi wao katika Keya, yaani King's African Rifles, na baadhi walipelekwa Madagaska na Burma. Waliofia Burma bila kaburi kujulikana wametajwa kwenye kuta za kumbukumbu za Taukkyan, kaskazini mwa Yangon, pamoja na wenzao wengi. Jumla ya majina yaliyochongwa hapo ni kama 27,000. Kwa familia ya Ankole ambayo imesikia tu kwamba babu “alibaki Burma”, picha ya safu moja ya ukuta ule inaweza kufunga swali la miaka themanini. Lakini karani wa jeshi aliandika alivyosikia. Mara nyingi askari ana jina moja tu, na katika Kinyankole R na L huingiliana masikioni mwa mgeni, hata Rwa- ikageuka Lwa-. Atafutaye nasaba hana budi kulijaribu jina kwa tahajia zake zote, akilinganisha nambari ya jeshi na kikosi.

Mbarara yenyewe ina wafu wa zama za karibu zaidi. Julai 1971 Wamarekani wawili, mwandishi wa habari Nicholas Stroh na mhadhiri wa Makerere Robert Siedle, waliuawa katika kambi ya kikosi cha Simba walipokuwa wakichunguza habari za kuuawa kwa askari kambini humo. Mwaka 1997 mwana wa Siedle alirudi Uganda kutafuta mabaki ya baba yake. Kama familia yenye pasi ya Marekani, na iliyopata uchunguzi wa jaji, ilibidi ingoje miaka ishirini na sita kuja kuulizia kaburi, hali ya familia za askari wa Kiacholi na Kilango waliouawa wakati huo inaweza kukisiwa. Septemba 1972 wapiganaji wa Obote, rais aliyekuwa amepinduliwa, walivuka kutoka Tanzania, wakaishambulia Mbarara na kushindwa. Wengi walifia hapo. Mwishoni mwa Februari 1979 mji ulichukuliwa na Jeshi la Wananchi wa Tanzania baada ya mapigano yaliyopitia vilima vya Gayaza, katika nchi ambayo leo ni Isingiro.

Vita hivyo vya Kagera viliacha tofauti inayoonekana kwa macho. Askari wa Kitanzania walizikwa Kaboya, wilayani Muleba, ambako mnara mweupe una majina yao. Picha chache zinatosha kuihifadhi orodha. Waganda waliokufa katika vita hivyo hivyo, raia na askari, walizikwa migombani kwao au pale walipoangukia. Katika Ankole kuzikwa nyumbani ni desturi ya heshima, na kaburi hutunzwa na wenye shamba. Shamba likiuzwa, au wazee wakiisha, alama hupotea. Huko mpiga picha anahitaji mzee wa kumwonyesha mahali kabla ya kuhitaji kamera.

Mbali na wapiganaji wapo waliokufa wakikimbia vita. Mara nyingi orodha za makaburi ya vita huwaacha nje, na kuwaacha ni kosa. Uganda ina mfano wa zamani unaothibitisha hivyo. Kuanzia mwaka 1942 maelfu ya Wapolandi, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti na kisha kupitia Uajemi, waliwekwa katika makazi mawili: Nyabyeya karibu na Masindi, na Koja kando ya Ziwa Nyanza. Vita vilipokwisha walitawanyika Uingereza, Kanada na Australia. Walioacha kaburi la mama au la mtoto hawakuweza kulitembelea. Makaburi yale yamekarabatiwa, kanisa la Nyabyeya bado limesimama, na leo kizazi cha tatu husoma jina la bibi kwenye picha iliyopigwa Masindi. Hakuna anayeuliza kama bibi huyo alishika bunduki.

Nakivale inafanana na Nyabyeya kwa jambo hilo moja, kisha inaizidi kwa ukubwa na kwa muda. Makazi yalianza mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, hasa kwa ajili ya Watutsi waliokimbia Rwanda. Mwaka 1982 Wanyarwanda waliofukuzwa vijijini katika Ankole walikimbilia humo na katika makazi jirani ya Oruchinga. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Sasa wakazi wamepita 100,000. Watu wamezaliwa, wamezeeka na wamezikwa humo kwa zaidi ya miaka sitini. Ardhi ni ya makazi na si ya ukoo, kwa hiyo ile nguzo ya Ankole, mwenye shamba kulinda kaburi la wazazi wake, haipo. Na familia inayopata nafasi ya kuhamia Marekani, Kanada au Australia huondoka na begi, ikiliacha kaburi.

Kaburi lenyewe huwa ni kilima cha udongo, msalaba wa mbao wenye jina lililopakwa rangi, au kwa Waislamu mashahidi mawili, moja kichwani na jingine miguuni, pengine bila neno lolote. Mchwa hula mbao, na mvua za masika na vuli husawazisha udongo. Jiwe la Jinja linaweza kungoja mpiga picha miaka mia. Msalaba wa mbao haungoji. Kwa sababu hiyo, kama wenye kujitolea ni wachache, heri waanzie Nakivale.

Ugumu mkubwa uko kwenye majina, na hapa mkimbizi anayejua lugha za nyumbani ni mtaalamu kuliko mgeni mwenye kamera nzuri. Hazina za kigeni hudhani kila mtu ana jina la ukoo linalorithiwa. Kwa Wanyarwanda na Warundi kila mtoto hupewa jina lake: baba aweza kuwa Hakizimana, na mwanawe Niyonzima. Anayetafuta kwa jina la ukoo hatawaunganisha kamwe mpaka mtu aandike kando ya picha kwamba huyu ni mwana wa yule. Kwa Msomali mambo ni kinyume: jina lake, la baba na la babu hufuatana, hivyo katika mstari mmoja umebebwa ukoo mzima, ila Xasan ya tahajia ya Kisomali ni Hassan ya karani wa Uganda, na Cumar ni Omar. Jina la Kivu Kusini laweza kuwa Cibalonza katika cheti, Chibalonza msalabani na Tshibalonza kwenye karatasi za safari. Tena Wakongo waliokua chini ya Mobutu waliamriwa mwaka 1972 kuacha majina ya Kikristo, kwa hiyo mtu yule yule anaweza kuwa na karatasi zisizo na jina ambalo mchungaji alilisoma siku ya mazishi. Lililoandikwa kaburini linakiliwa herufi kwa herufi, makosa yakiwemo. Tahajia nyingine na maelezo ya jamaa huwekwa mahali pake, pamoja na jina la lugha.

Upigaji wenyewe ni rahisi. Jua la asubuhi au la alasiri likipita kando ya maandishi huyafanya yasomeke. La saa sita huyafuta. Herufi zilizofifia hazipakwi chaki wala kusuguliwa kwa brashi ya waya, maana zitaharibika. Kioo kidogo kinachorusha mwanga kutoka ubavuni kinatosha. Hupigwa picha tatu: ya maandishi, ya kaburi zima, na ya mbali inayoonyesha mti, njia au kilima. Hiyo ya tatu hudharauliwa, nayo ndiyo itakayomwongoza mjukuu pale GPS ya simu itakapomkosesha hatua kadhaa. Kaburi lisilo na maandishi hupigwa picha vilevile, na maelezo ya aliyelionyesha hurekodiwa kwa sauti na lugha yake.

Kazi yoyote ndani ya makazi huhitaji ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu, inayojulikana na kila mtu pale kama OPM, na idhini ya familia huja kabla ya picha. Msiba ukiwa mbichi, kamera husubiri. Majina ya walio hai hayatangazwi: aliyekimbia watu wanaomtafuta anaweza kufichuliwa na orodha ya waombolezaji. Wapo pia wafu ambao picha haiwezi kuwapa jina. Mwaka 1994 Mto Kagera, unaopita mpakani mwa Isingiro, ulibeba miili ya waliouawa Rwanda hadi Ziwa Nyanza, na zaidi ya 10,000 walizikwa na wavuvi na wanavijiji Kasensero, Lambu na Ggolo. Huko hupigwa picha mnara, mahali na tarehe, na nafasi ya jina huachwa wazi.

Picha asili hutunzwa bila kuhaririwa, katika nakala zaidi ya moja na katika sehemu tofauti. Simu moja ikipotea, makaburi yote yaliyomo hupotea nayo. Nakala ya kwanza iliyochapishwa kwenye karatasi ni ya familia. Nyingine huwekwa kanisani au msikitini alikosaliwa marehemu, ambako daftari la mazishi, likiwapo, hulinganishwa na picha ukurasa kwa ukurasa, na nambari ya picha huandikwa kwa kalamu kando ya jina.