Tuliyorudi Nayo kutoka Kaimosi

Hotuba kwa wakazi wa Lindi, Kibera



Mlitutuma kwenda Kaimosi kulitazama kanisa ambalo wengi wenu mlilisikia kwa babu zenu kabla ya kuja Nairobi kutafuta riziki. Aliyetumwa hurudi na jawabu. Jawabu letu leo lina sehemu tamu na sehemu chungu, na tunaomba mzisikilize zote mbili.

Kaimosi iko Tiriki, katika Kaunti ya Vihiga. Mwezi wa Agosti 1902 Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifika huko wakaanzisha misheni ya Marafiki. Pamoja na Injili walifundisha kazi za mikono. Mbegu hiyo imezaa mno, kwani hivi leo hakuna nchi duniani yenye Marafiki wengi kuliko Kenya. Tuliketi katika mabenchi yao, tukaimba nao, tukala chakula chao. Kisha tukajiuliza, watu hawa asili yao ni nini?

Asili yao ni ukaidi wa dhamiri. Marafiki walizuka Uingereza katika karne ya 17, wakati wa wale Wapuritani waliotaka kulitakasa kanisa la dola. Walikataa kumvulia kofia mkubwa yeyote, walikataa kula kiapo, wakasema Mungu huweza kunena na mtu yeyote bila idhini ya askofu wala mfalme. Kwa hayo walijaza magereza.

Mwaka 1670 askari waliufunga ukumbi wao mmoja wa ibada mjini London. William Penn akasimama barabarani akahubiri, akashtakiwa kwa mkusanyiko usio halali. Ninyi wa Lindi shtaka hilo hamhitaji kufasiriwa. Wazee wa baraza la mahakama, watu 12 wa kawaida, walikataa kumtia hatiani. Hakimu aliwafungia ndani bila chakula wala moto ili wabadili uamuzi, hawakubadili. Aliwatoza faini, na wanne wao, akiwamo Edward Bushell, wakakataa kulipa na kubaki gerezani hadi Jaji Mkuu Vaughan alipoamua kwamba baraza haliwezi kuadhibiwa kwa sababu ya uamuzi wake. Sisi mawakili tulisomeshwa kesi hiyo chuoni. Hatukuambiwa kwamba haki hiyo ilipoletwa Kenya na wakoloni, ilikuwa ni ya Wazungu peke yao. Mwafrika alihukumiwa bila baraza la wenzake.

Hata hivyo, urithi wao mmoja umetufikia. Shahidi anayesimama katika mahakama zetu akachagua kuthibitisha badala ya kuapa, anatembea katika njia iliyofunguliwa na wafungwa wale.

Hiyo ndiyo sehemu tamu. Sasa tusikilizeni kwa subira.

Wapuritani walioteswa Uingereza walivuka bahari kwenda Marekani kutafuta uhuru wa kuabudu. Walipoupata, waliufunga mlango nyuma yao. Tarehe 1 Juni 1660, mjini Boston, walimnyonga mwanamke mmoja, Mary Dyer, kwa kosa la kuwa Rafiki na kurudi mjini baada ya kufukuzwa. Aliyekimbia kamba akawa mfunga kamba.

Wala Kaimosi yenyewe haikuepuka mtego huo. Mwaka 1927 waumini wengine waliingiwa na uamsho, wakaomba kwa sauti na kwa machozi. Wakubwa wa misheni, wana wa watu waliofungwa kwa ajili ya Roho, waliwapiga marufuku. Waliokataliwa wakashika njia yao, na kutokana nao likazaliwa Kanisa la Roho Mtakatifu la Afrika. Nyani haoni kundule.

Ndugu zetu, je, sisi tumeona letu? Tulipigania vyama vingi, na Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa. Tarehe 7 Julai 1997 polisi waliingia katika Kanisa Kuu la All Saints hapa Nairobi wakawapiga waliokuwamo, na bado hatukurudi nyuma. Mwaka uo huo sharti la kuomba leseni ya mkutano likaondolewa, likabaki la kutoa taarifa. Tangu 2010 Katiba inalinda dhamiri katika ibara ya 32 na mikusanyiko katika ibara ya 37. Tulishinda.

Kisha likaja lile la mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008. Katika vichochoro hivi hivi vya Kibera, mtu alihamishwa, nyumba ikachomwa, kwa sababu ya kura aliyodhaniwa kuipiga. Waliofanya hayo hawakutoka mbali. Baadhi yao waliimba nyimbo za mageuzi pamoja nasi, na sisi wenye elimu ya sheria tulichelewa kuwakemea. Tunalikiri hilo mbele yenu.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili, nayo hayahitaji Bunge. La kwanza, katika kila mkutano wetu hapa Lindi, asiyekubaliana nasi apewe nafasi, asikilizwe hadi mwisho, na maneno yake yaandikwe katika kumbukumbu. La pili, kabla ya kila uchaguzi, kila kichochoro kiteue wazee, kina mama na vijana watakaosimama mlangoni pa jirani anayetishwa, hasa yule wa chama tusichokipenda.

Uhuru tulioudai kwa ajili yetu peke yetu haukuwa uhuru, ulikuwa zamu. Lindi na iwe mahali ambapo zamu hiyo imekoma.