Mupini wa wembe unaanzia ku muti
(Maneno ya musimamizi wa atelie ya mbao mbele ya mukutano wa wanamemba wote)



Kila juma munaniuliza: mbao tunatoa wapi, na juu ya nini mipini ya nyembe za kukunja inakawia? Nijibu leo mbele ya wote, juu ndani yake kuna mambo mawili mazito: franka ya masomo ya watoto, na amani na majirani.

Nianze na amani. Wengi tulirudi toka Nyarugusu na Lugufu kuanzia 2005, tukakuta shamba linalimwa na mwingine, na miti aliyopanda baba inavunwa na mwingine. Muti ukisimama ku shamba lenye kesi, usiuguse, hata kama ni marehemu babu yako aliupanda. Mupini wa sentimita 15 unaweza kuamsha maneno ya miaka kumi. Anayeleta gogo ku atelie aje na mwenye shamba, ao na neno la chifu wa kijiji. Na mwitu nao uko na sheria yake, ile ya 2002. Hauingii tu na musumeno sababu una njaa.

Bahati yetu ni kwamba wembe hauombi muti mukubwa. Tawi lenye unene wa mukono linatosha. Kahawa ya zamani inayong'olewa iko na mbao ngumu, yenye nyuzi ndogo, na watu wanaichoma tu ku jiko! Mupera vilevile, mulimau na muchungwa pia. Miti hiyo iko nyuma ya nyumba zetu. Mvule tunapata ku mabaki ya wapasua mbao, lakini ndani yake munakuwa mawe yanayoua meno ya musumeno, na vumbi yake inawasha ngozi na kifua. Funga kitambaa ku pua. Kalitusi muache kwa majembe. Ukiipasua nyembamba inapinda. Mupingo na muninga tulizozijua kule Tanzania ni nzuri, siwezi kukataa, lakini mupingo uko ku orodha ya CITES tangu 2017 na muninga tangu 2023. Mbao zake hazivuki mpaka bila karatasi. Anayekuambia atakuletea usiku kwa mutumbwi, mukatalie.

Sasa kukausha, hapo ndipo tunagombana. Mafundi wanahesabu hivi: unene wa sentimita 2.5 unaomba mwaka mumoja. Gogo zima linaomba zaidi, tena linapasuka. Nani kati yetu atangoje hivyo na mutoto amefukuzwa ku masomo? Kwa hiyo usikaushe gogo. Lipasue lingali bichi, vipande vya milimita 6, utoe kiini cha katikati juu mipasuko inaanzia pale. Siku ile ile pakaa nta ya mushumaa ku ncha zote, maana maji yanatoka haraka kupitia ncha. Panga vipande, katikati weka vijiti, juu weka jiwe zito. Kivuli chenye upepo ndiyo fasi yake. Jua na moshi wa jiko ni haraka ya uongo. Miezi miwili ao mitatu inatosha. Ukipasua mwezi wa tano, kiangazi chote kinakufanyia kazi, na mwezi wa nane unashika randa.

Utajuaje imekauka? Pima uzito, andika na kalamu juu ya kipande chenyewe. Uzito ukikaa ule ule majuma mawili, imeisha. Mizani ya wanunuzi wa dhahabu iko sawa kabisa kwa kazi hii. Mwenye nayo atuazime.

Pande mbili za mupini zitoke ku kipande kimoja, zifunguliwe kama kitabu, nyuzi ziende sawa na urefu. Zikiwa za miti tofauti, moja itapinda peke yake, na siku unafunga wembe makali yatagonga mbao. Mwisho zibaki na unene wa milimita 3 hivi.

Bamama wananiambia: pakaa mawese. Hapana. Mawese haikaukake, inanata na inanuka. Chukua mafuta ya kitani ya wauza rangi, kidogo kidogo, kila mara ungoje ikauke. Kitambaa ulichopakia usikikunje na kukitupa ku kona: kinaweza kuwaka moto chenyewe. Kitandaze inje.

Tena wanunuzi waambiwe wazi kwamba mupini wa mbao hauchemshwi ku maji kama chuma. Wembe huu ni wa ndevu za mutu mumoja. Kinyozi asiupitishe toka kidevu hiki mupaka kile, kuna ukimwi na homa ya ini.

Wafazili, musitutumie mbao. Tutumieni waya ya shaba ya manjano ya milimita 1.6 kwa kufungia mipini, mafuta ya kitani, na misumeno ya meno madogo. Na wewe Bwana Prezida, naomba kamati ipige kura leo: mwenye kuleta jozi 20 zilizopangwa vizuri ku vijiti, kasha la ushirika limukopeshe franka ya masomo, alipe siku mipini inauzwa. Bila hiyo, watu wataendelea kuniletea mbao mbichi, na mimi nitaendelea kuzirudisha.