Rispa Katika Stesheni

Neno letu la leo latoka katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 21, mstari wa 1 hadi wa 14. Sura hii haisomwi mara nyingi makanisani. Tumeichagua kwa sababu ya filamu moja ya Marekani ambayo baadhi yenu, hasa vijana, mmekwisha kuiona.

Filamu hiyo yaitwa Fruitvale Station. Ilitolewa mwaka 2013, na aliyeitunga na kuiongoza ni Ryan Coogler, mzaliwa wa mji wa Oakland katika jimbo la California. Ni mchezo wa kuigizwa, lakini kisa chenyewe ni cha kweli. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2009, kijana mmoja mweusi, Oscar Grant, mwenye umri wa miaka 22, alikuwa akirudi nyumbani kwa treni pamoja na wenzake, baada ya kuukaribisha mwaka mpya huko San Francisco. Polisi waliitwa kwa sababu ya ugomvi ndani ya treni. Wakamzuia katika stesheni ya Fruitvale, na yapata saa nane za usiku, akiwa amelazwa kifudifudi, askari mmoja akampiga risasi mgongoni. Alikufa hospitalini asubuhi hiyo. Askari yule alieleza mahakamani kwamba alidhani ameshika kile kifaa cha kushtua watu kwa umeme, kumbe ilikuwa bastola. Mwaka 2010 alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, akahukumiwa miaka miwili, na Juni 2011 akaachiliwa.

Filamu yenyewe haifiki saa moja na nusu, na sehemu yake kubwa ni siku ile moja ya mwisho. Twamwona Oscar akinunua kaa kwa chakula cha siku ya kuzaliwa kwa mama yake, na akishindana mbio na binti yake mdogo. Wala makosa yake hayafichwi. Alikuwa amefungwa jela. Aliuza bangi. Alifukuzwa kazi dukani kwa kuchelewa, na jambo hilo akamficha mama wa mtoto wake.

Hapa tusimame kidogo, kwa maana sisi watu wa kanisa tuna swali letu ambalo hutoka upesi kijana akiuawa na askari: Kwani alikuwa amefanya nini? Tumelisikia kwenye kamati za mazishi, tena kutoka kwa wazee wenye heshima. Mwaka 2020, mvulana wa miaka 13 alipopigwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao Nairobi wakati wa kafyu, swali hilo halikuwa na pa kushika. Lakini wengi wanaouawa si watoto wa roshani. Ni vijana kama Oscar, wenye doa hapa na doa pale. Katika Mwanzo sura ya 4 Mungu alimwuliza Kaini juu ya ndugu yake. Hakuuliza kama Habili alikuwa na tabia njema.

Sasa twamfikia mama. Ndiye aliyemshauri mwanawe apande treni usiku ule asiendeshe gari, kwa sababu ni sikukuu na watu hunywa. Shauri jema la mzazi! Katika filamu twamwona hospitalini akiwaita jamaa na marafiki washikane mikono waombe. Halafu twamwona akitaka kumkumbatia mwanawe aliyekwisha kufa, na hawamruhusu, maana mwili umekuwa ushahidi wa kesi.

Ndipo tukamkumbuka Rispa binti Aya. Wanawe wawili walinyongwa pamoja na wengine watano kwa ajili ya kosa la Sauli, si lao, na aliyewatoa ni mfalme Daudi mwenyewe. Rispa hakuwa na wakili wala mtu wa kumsemea barazani. Alitandika gunia juu ya mwamba akakaa. Tangu shayiri ilipoanza kuvunwa mpaka mvua ikanyesha, alifukuza ndege mchana na wanyama usiku. Habari ikamfikia mfalme, naye akaikusanya mifupa ikazikwa kwa heshima. Angalieni mstari wa 14: nchi ilikuwa na njaa ya miaka mitatu, na Mungu aliyasikia maombi ya nchi baada ya maziko hayo. Hakusikia siku ile vijana waliponyongwa.

Katika stesheni ya Fruitvale walikuwako akina Rispa wengine, abiria wasiomjua Oscar, ambao hawakugeuza macho. Walishika simu zao za mkononi wakapiga picha. Filamu yaanza na picha hizo halisi. Pasipo wao, pengine tungebaki na maelezo ya upande mmoja tu.

Akina mama wa namna hii wako katika shirika zetu. Siku ya mazishi tunajaa, tunaimba, tunachanga. Kisha kesi inatajwa mahakamani, inaahirishwa, inatajwa tena, mwaka wa pili, wa tatu. Anapanda matatu peke yake na bahasha yake ya karatasi. Je, Jumanne ijayo nani atakwenda naye? Chama cha akina mama kina ratiba ya kuwatembelea wagonjwa. Hakika ratiba hiyo ina nafasi ya jina moja zaidi.

Na tuombe. Ee Mungu, uliyemwona Rispa juu ya mwamba, twakuletea mama yake Oscar na binti aliyeachwa. Twakuletea na askari yule na nyumba yake. Waangalie mama zetu wanaongoja leo kwenye mabenchi ya mahakama. Twaomba kwa jina la Yesu Kristo, ambaye mama yake naye alisimama karibu akimtazama. Amina.