Mwalimu wa Sayansi na Swali la Bamvua

Ndugu msikilizaji, juzi jioni nilikuwa nimekaa barazani hapa Ngamiani, kikombe cha kahawa mkononi, nikasikia mazungumzo ambayo nimeona si haki kuyaacha yapite hivi hivi. Kijana mmoja wa mtaani kwetu anasomea ualimu, masomo yake ni fizikia na kemia, naye yuko nyumbani akijiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Mzee mmoja, mvuvi tangu ujana wake, akamwambia: "Mjukuu wangu, wewe ndiye mwalimu wetu wa sayansi. Hebu nieleze. Bamvua laja siku za mwandamo, tena laja mwezi ukiwa mpevu. Mbona mara mbili?"

Kijana akajibu kwamba mwezi ukiwa mkubwa huvuta maji kwa nguvu zaidi. Mzee akamtazama. "Na huo wa mwandamo, mwembamba kama ukucha, wavuta kwa nini?" Kijana akacheka kidogo, kisha akasema: "Babu, hayo ni mambo ya jiografia."

Nililala na jibu hilo. Simlaumu kijana. Amesema kile ambacho utaratibu wetu wa masomo umemfundisha. Katika mihutasari iliyofuata mtaala wa sekondari wa mwaka 2005, jua na sayari zake zilifundishwa kwenye jiografia kidato cha kwanza, na mwalimu wa jiografia mara nyingi huhesabiwa kuwa mtu wa masomo ya sanaa. Fizikia nayo ilizigusa nyota, matetemeko na volkano mwishoni kabisa, kidato cha nne, wakati mwanafunzi na mwalimu wote wanawaza mtihani. Aliyeendelea na fizikia, kemia na hisabati kidato cha tano akaiaga jiografia moja kwa moja. Basi dunia tunayoikanyaga na mbingu iliyo juu yetu zimekuwa kama mtoto wa watu wawili waliotengana, kila mmoja akidhani yuko kwa mwenzake.

Swali la mzee lina jibu, tena si gumu. Mwezi huivuta dunia. Maji ya upande unaouelekea mwezi huvutwa zaidi kuliko dunia yenyewe, yakatuna. Maji ya upande wa pili huvutwa kidogo kuliko dunia, yakabaki nyuma, nayo yakatuna. Ndiyo maana katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Jua nalo hufanya vivyo hivyo, ila kwa kuwa liko mbali sana, nguvu yake juu ya maji haifiki nusu ya ile ya mwezi. Siku za mwandamo jua na mwezi viko upande mmoja wa dunia. Mwezi ukiwa mpevu vimekabiliana, dunia iko katikati. Mara zote mbili viko karibu kwenye mstari mmoja, na nguvu zao hujumlishana. Mwezi ukiwa nusu, kimoja kinavuta huku na kingine kule, na ndipo wavuvi wetu wanapopata maji mafu. Ukubwa wa mwezi tunaouona ni habari ya mwanga tu. Mwezi wenyewe haupungui wala hauongezeki.

Wenzetu nao wameteleza. Mwaka 1987 huko Marekani ilitengenezwa filamu ambamo watu 23 wa Chuo Kikuu cha Harvard, wahitimu na walimu wao wakiwemo, waliulizwa maswali kama hayo. Watu 21 walikosea. Wengi walidai kwamba joto huja dunia inapolikaribia jua.

Na hapa, msikilizaji, sisi wa Tanga tuko katika hatari kubwa zaidi ya kudanganyika. Ni kweli dunia hulikaribia jua mwanzoni mwa Januari, kiasi cha kilomita milioni 147, na mwanzoni mwa Julai huwa mbali, milioni 152. Januari kwetu ni kaskazi na jasho. Julai ni kusi na ubaridi. Mwalimu asiyejua atasema, "Mnaona?", na darasa zima litakubali. Lakini Januari hiyo hiyo London wanatetemeka kwa baridi, nao wako kwenye dunia hii hii. Sababu ni dunia kuinama katika mzunguko wake, upande mmoja ukipata jua la utosini na mwingine likiwapiga kwa upande.

Kuna atakayesema haya ni ya kupamba mazungumzo tu. Namkumbusha Desemba 26, 2004. Alfajiri ya siku hiyo sakafu ya bahari ilitikisika karibu na Sumatra, na mchana mawimbi ya tsunami yalikuwa yamevuka Bahari ya Hindi hadi kwetu. Tanzania ilipoteza watu wasiopungua kumi, wengine wakiogelea pwani ya Dar es Salaam. Siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu. Bamvua la huku hujaa mnamo saa kumi na kupwa mnamo saa nne, hivyo mawimbi yaliikuta bahari ikiwa bado chini, na hilo lilitupunguzia madhara. Yangekuja jioni ningekuwa nasimulia habari nyingine.

Siku hiyo hiyo Phuket, Tailandi, binti wa Kiingereza wa miaka 10, Tilly Smith, aliona bahari ikifanya povu na mwenendo wake si wa kawaida. Wiki mbili tu kabla, mwalimu wake wa jiografia alikuwa amewafundisha tsunami. Akapiga kelele, watu wapatao mia moja wakaondoka ufukweni, wakapona. Mtoto wa Sahare au Tongoni anajua saa za maji kuliko Tilly. Akiona maji yanakimbia ghafla saa isiyo ya kupwa, jicho lake litamwambia kuna jambo. Anachokosa ni mtu wa kumweleza ni jambo gani, na kwamba hapo haokoti samaki, anakimbilia juu.

Kwa hiyo vyuo vyetu vya ualimu visimpe mtu cheti cha kufundisha sayansi kabla hajaweza kueleza, bila kitabu, bamvua, kupatwa kwa mwezi, majira na tetemeko. Vifaa visiwe kisingizio. Mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba jua hupita juu ya utosi wa Tanga. Simika kijiti uwanjani muda mfupi baada ya saa sita mchana, watoto watashuhudia kivuli kikitoweka.

Kijana wetu jana alirudi barazani na machungwa mawili na ndimu moja. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akaichukua ndimu, akaigeuzageuza. "Sasa, mjukuu wangu," akasema, "nieleze kwa nini bamvua la Machi lashinda la Juni."

Kijana ameomba apewe hadi Ijumaa.