Tunanunua Nini Tunapolipia Tovuti Ipande?

(Maneno ya mratibu wa mawasiliano kwa wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili, mkutano wa robo mwaka)



Nimeombwa nieleze jambo ambalo baadhi ya kamati zimeanza kuletewa mezani. Parokia ina hosteli, au chuo cha ufundi, na ina tovuti yake. Anakuja mtu na karatasi akisema kwamba mkimlipa, tovuti yenu itatokea juu kabisa mtu anapotafuta kwenye Google. Kamati huuliza bei. Mimi naomba kwanza tuulize tunanunua nini.

Kazi hii ina sehemu mbili. Ya kwanza hufanyika ndani ya tovuti yenyewe: maandishi yaeleweke, picha zisiwe nzito, ada na namba za simu ziwe sahihi. Hiyo sitaisemea leo. Ya pili hufanyika nje, kwenye tovuti za watu wengine, ambazo huweka viungo vya kumleta msomaji kwenu. Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford kabla ya kuanzisha Google mwaka 1998, walijenga mtambo wao wa kutafutia habari juu ya wazo hili: ukurasa unaoelekezewa viungo na kurasa nyingine, hasa zenye heshima, huenda una manufaa. Siku hizi Google hutazama mambo mengine mengi, lakini viungo bado vimo.

Sisi wanaparokia tunalielewa hilo. Mwamini akihamia parokia nyingine huenda na barua ya utambulisho. Barua moja ya paroko anayemfahamu inatosha. Akija na barua mia nne za mwandiko mmoja, kutoka parokia ambako hajawahi kusali, katibu atawaita wenzake waje kutazama.

Basi gharama halali ya kazi ya nje ni muda wa mtu. Tuseme tunataka kuwaandikia washirika ishirini: jimbo, mashirika rafiki, vyuo, magazeti. Kila mmoja anahitaji kusomwa tovuti yake, kuandikiwa barua yake mwenyewe na kukumbushwa. Tukihesabu saa moja kwa kila mmoja, ni saa ishirini, yaani siku mbili na nusu za kazi. Ongezeni siku za kuandika makala yenye habari za kweli ambayo mtu atapenda kuielekezea wasomaji wake. Wengi hawatajibu, na hilo nalo limo katika gharama. Zidisheni siku hizo kwa ujira wa siku wa mfanyakazi wenu. Hapo mtakuwa na kipimo cha kuitazama ankara ya mtu wa nje.

Mtu wa nje naye hutoza kwa njia mbalimbali: kwa mwezi, kwa saa, au kwa kila kiungo. Malipo ya mwezi hudanganya macho. Shilingi 300,000 huonekana ndogo, lakini kwa mwaka ni 3,600,000. Na mwaka si mbali, maana Google wenyewe wamesema kwamba kazi ya namna hii kwa kawaida huchukua miezi minne hadi mwaka kabla ya matunda kuonekana. Wamesema pia kwamba hakuna awezaye kumhakikishia mtu nafasi ya kwanza. Anayewaahidi nafasi hiyo kwa maandishi amekwisha kuwaambia jinsi alivyo.

Malipo kwa kila kiungo ndiyo yanayonitia hofu zaidi. Kanuni za Google zinakataza kununua viungo kwa lengo la kupanda. Kiungo cha tangazo la kulipia si kosa, ila kinapaswa kuwekewa alama kwamba kimelipiwa, na chenye alama hiyo hakikusudiwi kuwapandisha. Februari 2011 gazeti la New York Times lilieleza jinsi maduka makubwa ya J. C. Penney ya Marekani yalivyotokea juu kwa maneno mengi ya biashara kwa msaada wa maelfu ya viungo kutoka tovuti zisizohusiana nayo. Google iliyashusha. Kampuni ilisema haikuidhinisha viungo hivyo, ikaachana na wakala wake. Lakini aliyeshuka ni yeye mwenye duka. Aprili 2012 likaja badiliko lililoitwa Penguin, lililoshusha tovuti nyingi zenye viungo vya hila. Tangu 2016 badiliko hilo hupendelea kuvipuuza tu viungo hivyo, ingawa adhabu ya kushushwa kwa mkono bado ipo.

Kupuuzwa si nafuu kwetu. Maana yake fedha imelipwa, risiti ipo kwenye jalada, na hakuna kilichonunuliwa. Na fedha yenyewe ni matoleo ya jumuiya ndogo ndogo, mengine ya mia tano mia tano. Mkaguzi akiuliza, mweka hazina atamwonyesha nini?

Kwa hiyo, ndugu wajumbe, mkiletewa karatasi ombeni orodha ya tovuti zitakazowatambulisha, kwa majina, kabla ya kutia sahihi. Zifungueni wenyewe. Kama ni za michezo ya kubahatisha, au hazisomwi na mtu yeyote, mrudishieni karatasi yake. Ulizeni pia viungo vitabaki au vitaondolewa siku mtakapoacha kulipa, maana kuna wanaokodisha.

Nanyi wafadhili, mnaweza kutusaidia bila kutoa hata senti. Wengi wenu mna tovuti zinazotaja miradi hii kwa jina, lakini jina halibonyezeki. Lifanyeni kuwa kiungo. Anuani sahihi za tovuti za vyuo, hosteli na zahanati zetu zote zimeorodheshwa kwenye karatasi iliyo mezani kwa katibu. Tafadhali kila mmoja aondoke na nakala yake.